Tua Ndoo, Mdogo Wangu

Wadogo zangu, leo nazungumza na wewe unayelala usiku kucha, ukaamka umechoka kama uliyetwanga mpaka alfajiri. Umebeba jambo. Unataka kazi, au mtoto, au kiwanja, au yule aliyeondoka arudi. Umeomba, umelia, umeandika ndoto zako kwenye daftari, na bado kimya.

Nakuelewa, kwa sababu nimepita hapo. Nilisubiri jibu la kazi miezi minne. Usiku mmoja nilishtuka usingizini nikajikuta nimekunja ngumi, kucha zimeacha alama viganjani. Nikajiuliza: hata ninachokiomba kikija leo, nitakipokea kwa mkono upi?

Ndipo nikaanza yoga ya kupumzika. Haina kujipinda wala kutoka jasho. Mwalimu B.K.S. Iyengar wa Pune, India, aliwawekea wanafunzi wake mito, mablanketi na viti ili mwili ubebwe, usijibebe. Mwanafunzi wake Mmarekani, Judith Hanson Lasater, akaeneza mtindo huu wa mapumziko. Unakaa mkao mmoja dakika 10, hata 20, bila kujikaza.

Nyumbani kunatosha. Watoto wakishalala, tandika mkeka, ulale chali. Weka mto mnene chini ya magoti, kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, na nyingine nyepesi juu ya macho. Jifunike, maana mwili uliotulia hupoa. Viganja vitazame juu. Vuta pumzi puani ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6. Pumzi ya kutoka ikirefuka, moyo hupunguza kasi, na mwili unaanza kuamini kwamba hakuna anayeukimbiza. Sasa jikague polepole: taya, ulimi, mabega, vidole. Utagundua ulikuwa umeuma meno tangu asubuhi.

Mkiwa na mimba kubwa, msilale chali. Laleni ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Na utulivu ukikuamshia uchungu wa zamani, fumbua macho, kaa, mwite mtu unayemwamini.

Kabla hujazama katika mapumziko, weka nia. Wahindi huiita sankalpa: sentensi moja fupi, inayosemwa kana kwamba imeshakuwa. Badala ya kusema "nataka mume", sema "moyo wangu uko tayari kupenda na kupendwa." Iseme mara tatu moyoni, kisha iache. Wengine mtaniuliza kuhusu dini, na ni haki yenu, kwa kuwa yoga ina mizizi katika imani za India. Mimi nachukua pumzi na mapumziko, na mahali pa nia naweka dua yangu. Wewe sikiliza dhamira yako.

Kuiacha ndiko kugumu. Patanjali, katika maandiko yake ya kale ya yoga, aliweka mambo mawili bega kwa bega: kufanya mazoezi bila kuchoka, na kutong'ang'ania. Kiswahili chetu nacho kimetupa siri hiyo, maana kutua na kutulia ni maneno ya ukoo mmoja. Mama mwenye ndoo kichwani hawezi kutulia mpaka aitue. Na kutua ndoo si kumwaga maji. Ukiacha kuling'ang'ania jambo lako usiku, hujalitupa.

Sitakudanganya kwamba mkeka huleta barua ya kazi. Jibu langu lilikuja, nalo lilikuwa hapana. Nililia. Lakini usiku ule nililala, na asubuhi nikakaa mezani nikaandika maombi mengine mawili, kwa kichwa chepesi ambacho sikuwa nacho miezi minne. Hivyo ndivyo nionavyo mimi kuvuta unachokitamani: nia inakuonyesha njia, mapumziko yanakurudishia miguu ya kuipita.

Basi leo usiku, dakika 10 tu. Ukimaliza usikurupuke, geukia ubavu wa kulia, pumua mara tatu, kisha inuka kwa kujisukuma na mkono. Ndoo yako utaikuta palepale asubuhi, maji yake kamili, na shingo ya kuibebea itakuwa imepumzika.

Dada yenu awapendaye.