"Naomba" na "Nipe": Wiki ya Kwanza ya Mtanzania Mjini Eldoret

Mwanafunzi wa Kitanzania anayewasili Eldoret aghalabu hudhani amevuka mpaka wa nchi tu, si wa lugha. Akiulizia daladala, huelekezwa kwenye steji ya matatu; akiulizia hoteli akikusudia malazi, huenda akaonyeshwa penye ugali. Msamiati huo huzoeleka upesi. Ugumu umo katika pragmatiki, ambayo mihadhara ya sarufi huipita haraka mno. Kwao, "naomba chai" ndiyo adabu ya mteja. Eldoret husemwa "nipe chai", na hakuna aliyetukanwa. Mgeni husikia ukali. Mwenyeji naye huweza kusikia ombi la mtu asiye na pesa. Shikamoo vilevile, kwa vijana wengi wa huku, ni salamu ya darasani. Mwafaka mmoja ni "niletee chai, tafadhali", nayo huja imekwisha kutiwa maziwa asipotaja ya rangi.