Ng'ombe Safi, Soko la Haki: Namna ya Kumtayarisha Ng'ombe bila Kumdanganya Mnunuzi



Somo la leo ni juu ya kumtengeneza ng'ombe kabla ya kumpeleka sokoni ao kwenye maonyesho. Kumwosha, kumpiga brosi, kumkata kwato: hiyo ni kazi nzuri, na inasaidia bei. Lakini kuna mambo mengine ambayo watu wanayafanya usiku ili ng'ombe aonekane vile asivyo. Tutazungumza yote mawili, na tutatafuta pamoja mpaka uko wapi.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Hapa kwetu ng'ombe si wengi. Wanaojulikana sana ni wale wa milima ya Marungu, katika teritware ya Moba, kwenye nyasi na baridi. Vita vilimaliza mifugo mingi, na familia nyingi zinaanza tena na ng'ombe mmoja tu. Mwenye bucheri akinunua ng'ombe mbaya, anapoteza faida ya siku moja. Lakini mama aliyekusanya franga zake misimu mitatu ili apate ng'ombe wa maziwa, akipewa ng'ombe mzee ao mgonjwa aliyepambwa, anapoteza miaka. Na mara nyingi mama huyo ni memba wa kooperative ya jirani. Kesho ndiye tutakayemwomba mbegu, ao dume la kupandisha.

Sehemu ya kwanza: kazi iliyo nzuri

Uzuri wa ng'ombe unaanza tumboni. Miezi miwili kabla ya maonyesho, mpe majani ya kutosha, maji safi na chumvi ya kulamba kidogo kidogo. Mpe dawa ya minyoo na uondoe kupe. Ng'ombe mwenye afya, manyoya yake yanalala na kung'aa yenyewe. Hakuna mafuta yatakayofanya kazi hiyo mahali pa chakula.

Mzoeze kamba. Mfunge kamba ya kichwa na umtembeze nusu saa kila siku. Ng'ombe aliyezoea mkono hapigwi siku ya maonyesho, na mpimaji anamwona akitembea sawasawa. Kule Tanzania, kwenye sherehe za Nane Nane za tarehe 8 Agosti, wafugaji wanaleta mifugo yao mbele ya watu. Mnyama anayeruka na kukimbia hawezi kuonyesha mgongo wala miguu yake.

Kata kwato mapema, majuma mawili ao matatu kabla, siyo siku ile. Ukikata ndani kupita kiasi, atachechemea, na anahitaji muda wa kupona.

Mwoshe asubuhi yenye jua, kwa sabuni ya kawaida, kisha msuuze vizuri, maana sabuni ikikauka kwenye ngozi inamwasha. Tumia maji ya ndoo. Msimwingize ziwani: kuna mamba, na ni maji yetu ya kunywa. Zaidi ya hapo, dawa nyingi za kupe ni sumu kali kwa samaki. Ng'ombe aliyepakwa dawa jana akioshwa leo ziwani ao kwenye Lukuga, ile dawa inakwenda kwa ndagala. Basi, osha kwanza, acha akauke, ndipo upake dawa, mbali na maji.

Mpige brosi kila siku kwa kufuata manyoya. Brosi ngumu ya nyuzi za mti inatosha. Inaondoa vumbi, na mkono wako ukipita juu ya mwili utagundua kupe, kidonda ao uvimbe kabla haujawa mkubwa.

Kazi hizi zote zinamfaa ng'ombe mwenyewe, hata kama hatauzwa.

Sehemu ya pili: uongo unaovaa nguo za usafi

Sasa tuje kwenye yale mengine. Tunayataja wazi ili kila memba ayatambue.

Chumvi na maji. Mtu anamlisha ng'ombe chumvi nyingi usiku, asubuhi anamwacha anywe mpaka tumbo linajaa. Litre moja ya maji ni kilo moja. Akinywa litre 30, amezidi kilo 30 kwenye mizani. Tuseme kwa mfano kilo moja ya ng'ombe hai ni franga 5.000: mnunuzi amelipa franga 150.000 kwa mkojo. Chumvi nyingi bila maji inaweza pia kumwua.

Kiwele cha kujazwa. Ng'ombe wa maziwa hakamuliwi siku nzima ao zaidi, ili kiwele kionekane kikubwa. Kiwele kinakaza na kuuma, ndama anashinda na njaa, chuchu zinavuja, na kupitia njia ile vijidudu vinaingia. Hapo ugonjwa wa kiwele unaanza. Mnunuzi anafurahia kiwele sokoni, na nyumbani anakamua maziwa yenye vipande na damu.

Kupunguza miaka. Wengine wanapiga tupa kwenye pembe ili mikunjo ipotee, kwa sababu pembe ya ng'ombe jike mara nyingi inaonyesha amezaa mara ngapi. Wengine wanagusa hata meno.

Mafuta machafu ya motere. Wanasema yanaua kupe na yanang'arisha. Yanaunguza ngozi, ng'ombe anayalamba, na sumu inaingia mwilini.

Sindano ya kuchangamsha. Ng'ombe mgonjwa anadungwa dawa ili asimame na ale kwa siku moja ao mbili. Huu ndio uongo mbaya kuliko yote, maana ugonjwa unasafiri. Manyoya yaliyosimama, masikio yaliyolala, macho yenye machozi: hizo ni alama ambazo mwili unatoa ili tujue kuna kitu. Ukizificha, umepeleka ndigana ao ugonjwa wa midomo na miguu kwenye zizi la mwingine. Tena nyama na maziwa ya ng'ombe aliyedungwa havifai kuliwa mpaka siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa zipite.

Msifikiri haya ni ya maskini peke yao. Huko Saudi Arabia, kwenye tamasha la ngamia la Mfalme Abdulaziz, mwaka 2018 ngamia 12 waliondolewa mashindanoni kwa sababu walidungwa dawa ya Botox, ile ambayo watu wanaitumia kulainisha uso. Mwaka 2021 walioondolewa kwa hila za namna hiyo walipita 40. Huko Marekani, kwenye maonyesho ya jimbo la Ohio ya mwaka 1994, kulikutwa ng'ombe wa mashindano waliodungwa mafuta ya kupikia chini ya ngozi ili misuli ionekane imejaa. Pale penye zawadi ao bei kubwa, hila inafika. Dawa yake si utajiri. Ni sheria ambayo watu wenyewe wameikubali, na mtu wa kuikagua.

Sehemu ya tatu: mpaka uko wapi?

Memba mmoja anaweza kuuliza: "Sasa, hata kumwosha si kubadilisha sura yake? Mbona hii mnakubali na ile mnakataa?" Ni swali la haki. Sisi tunashauri kila jambo lipitishwe kwenye maswali matatu.

Swali la kwanza: linamwumiza mnyama?
Swali la pili: linaficha kitu ambacho mnunuzi angetaka kujua?
Swali la tatu: ungelifanya mbele ya mnunuzi, mchana, naye anatazama?

Tuyajaribu maswali haya kwa mifano.

Jirani zetu wa Rwanda wana ng'ombe wa inyambo, wenye pembe ndefu sana, waliokuwa ng'ombe wa mfalme. Mpaka leo wanaonyeshwa kwenye jumba la makumbusho la Nyanza. Wanapambwa kwa shanga kichwani na shingoni, na wachungaji wanawaimbia. Je, huo ni uongo? Hapana. Shanga haziumizi, na kila mtu anaona ni shanga. Hakuna atakayefikiri ng'ombe amezaliwa nazo. Pambo linaloonekana halimdanganyi mtu.

Twende Sudan Kusini. Kati ya Wadinka na Wanuer, kijana anaweza kukata pembe za dume lake analolipenda ili zikue kwa umbo fulani, moja huku, nyingine kule. Hapa pia hakuna uongo: watu wote wanajua zimekatwa, na ni heshima. Lakini swali la kwanza linabaki. Ndani ya pembe kuna damu na mishipa ya maumivu. Kwa hiyo jambo linaweza kuwa la kweli kabisa kwa watu na bado likamwumiza mnyama. Hatuwahukumu watu wa huko, wana sababu zao za zamani. Lakini kwetu sisi, ambao hatuna desturi hiyo, kukata pembe za ng'ombe mkubwa kwa ajili ya sura tu hakuna sababu. Kama pembe ni hatari zizini, ziondolewe kwa ndama akiwa bado mdogo, na munganga wa mifugo, kwa dawa ya kupunguza maumivu.

Sasa mfano mgumu zaidi. Ng'ombe ametoka Marungu, ametembea siku kadhaa, amefika Kalemie mbavu zinaonekana. Mwenye mali anampumzisha siku tatu, anampa majani na maji, anamwosha, ndipo anampeleka sokoni. Anadanganya? Hapana. Kilo alizopoteza njiani ni zake kweli, na zitarudi na kukaa. Tofauti na yule wa chumvi ni hii: kilo za kupumzika bado zipo kesho, kilo za chumvi zimekwisha jioni. Ndiyo sababu kooperative inapaswa kupima asubuhi, kabla ya chakula na maji, na wote wawili wanatazama mizani.

Na kovu? Kuosha kidonda na kukitia dawa ni kazi njema. Kukifunika kwa matope ao rangi ili mnunuzi asikione ni kuficha. Mwambie tu: "Papa, hapa alichomwa na mti, amepona." Neno hilo linaweza kukupunguzia franga kidogo leo, lakini mwaka kesho atarudi kwako.

Sehemu ya nne: macho ya mnunuzi

Mnunuzi naye afanye kazi yake.

Fungua mdomo. Ng'ombe hana meno ya mbele juu, ana manane chini. Meno makubwa mawili ya kwanza yanatoka karibu na miaka miwili, mengine mawili karibu na miaka miwili na nusu mpaka mitatu, ya tatu karibu na mitatu na nusu, na yote manane karibu na miaka minne ao zaidi. Kwa ng'ombe wetu wa kienyeji yanaweza kuchelewa kidogo. Yakiwa mafupi, yamelika na kuachana, ni mzee, hata kama pembe zinang'aa.

Omba akamuliwe mbele yako. Kamua maziwa ya kwanza juu ya kitambaa cheusi: ukiona vipande ao damu, acha. Ukiweza, rudi jioni na asubuhi, upime litre za mara mbili. Kiwele kinaweza kusema uongo mara moja, mara ya pili ni vigumu.

Pima kwa kamba kama hakuna mizani. Zungusha mita kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Kisha pima urefu kutoka bega mpaka mfupa wa matako. Zidisha kifua kwa kifua, kisha kwa urefu, gawanya kwa 10.840. Mfano: kifua sentimita 150, urefu sentimita 125. 150 × 150 × 125 ni 2.812.500. Ukigawanya, unapata karibu kilo 260. Si hesabu kamili, lakini maji ya tumboni hayaongezi sana mzunguko wa kifua, kwa hiyo hila ya chumvi inaonekana.

Mtembeze, mguse masikio, mtazame akila. Na uliza swali wazi mbele ya shahidi: "Huyu ng'ombe alipewa dawa gani mwezi huu?"

Kazi ya mkutano ujao

Tunaomba kila kooperative isome somo hili kwa sauti, kwa sababu si wote wanaosoma, na ijadiliane mambo haya:

1. Ni mambo gani ya sehemu ya pili tunayaona kwenye soko letu? Msitaje majina ya watu, tajeni matendo.
2. Je, tunakubali kwamba ng'ombe anayeuzwa kati ya memba anapimwa asubuhi, anakamuliwa mbele ya mnunuzi, na anakuwa na karatasi yenye miaka, uzazi, chanjo na dawa alizopewa?
3. Memba akiuza kwa uongo, tutafanya nini? Kurudisha franga? Kumnyima nafasi kwenye maonyesho? Amueni kabla tatizo halijafika, maana likifika kila mtu atamtetea ndugu yake.
4. Nani atakagua? Chagueni watu wawili, mwanamume na mwanamke, wanaojua ng'ombe na wasiokuwa na mnyama wa kuuza siku hiyo.

Mkikubaliana, andikeni kwenye daftari la kooperative na kila memba atie sahihi ao kidole. Kooperative ambayo watu wanajua ng'ombe wake wako vile wanavyoonekana haitatafuta wanunuzi. Wanunuzi wataitafuta, wakipanda mtumbwi ao wakitembea kwa miguu.

Muwe na mifugo yenye afya.