Ushauri: Mama mkwe ameacha kusali mezani

*Shikamoo mama. Mimi ni mke na mama wa watoto watatu. Tangu mwaka jana nahudhuria kikundi cha kujifunza Biblia, na huko nimejifunza majina ya Mungu kwa Kiebrania: Elohim, El Shaddai, Yahweh, Yehova-Yire. Nimeyapenda mno. Ila mwalimu wetu anasema anayeomba kwa kusema "Mungu" tu hasikiwi, kwa kuwa hilo si jina lake. Juzi mama mkwe alipokuwa akiombea chakula nilimsahihisha mbele ya wajukuu zake. Tangu siku hiyo haombi tena mezani, na mume wangu amekuwa mkimya. Usiku najiuliza, maombi yangu ya miaka yote yalikwenda wapi?*
*Mama D., Morogoro*

Marahaba, mwanangu D.

Mama wa watoto watatu, mwenye kazi zote za nyumba, anayepata muda wa kukaa na daftari lake kumjua Mungu zaidi, anastahili pongezi. Elimu hiyo usiiache. Nitakayokuambia hapa hayapingi Kiebrania hata kidogo.

Maombi yako hayakupotea

Nianze na linalokunyima usingizi. Fungua Kutoka 6:3. Hapo Mungu anamwambia Musa kwamba Abrahamu, Isaka na Yakobo walimjua kama El Shaddai, yaani Mungu Mwenyezi, lakini kwa lile jina la herufi nne, Yahweh, hakujulikana kwao. Hao ndio baba zetu wa imani, na walisikiwa.

Kisha nenda kwa Danieli. Kuanzia 2:4 hadi mwisho wa sura ya 7, kitabu chake kiliandikwa kwa Kiaramu, lugha ambayo Mungu huitwa Elaha. Habari ya tundu la simba imo humo, na simba walifumbwa vinywa. Agano Jipya nalo limeandikwa kwa Kigiriki, ambako Mungu ni Theos na Bwana ni Kyrios. Na wanafunzi walipomwomba Yesu awafundishe kusali, neno la kwanza alilowapa ni Baba.

Mungu, au Mulungu kama wasemavyo Wagogo na Wayao, ni jina walilolijua wazee wetu kabla mmisionari yeyote hajashuka pwani. Umemwita kwa jina hilo tangu utotoni, naye amekusikia. Lala usingizi.

Majina haya yalipatikanaje

Inaelekea mwalimu wenu anayafundisha kama namba za siri za simu: ukikosea moja, hufunguliwi. Soma upya mahali yalipotoka uone mwenyewe.

Hajiri alikuwa Mmisri, mtumwa, tena mjamzito. Alimkimbia bibi yake Sarai aliyemtesa, akabaki peke yake kando ya chemchemi jangwani, kwenye njia ya kwenda Shuri. Hakuwa Mwebrania wala hakufundishwa na kuhani. Malaika alimkuta hapo, akamwita kwa jina, akamuuliza atokako na aendako. Ndipo yule mama akamwita Mungu El Roi, Mungu anionaye. Katika Biblia nzima, mtu wa kwanza kumpa Mungu jina ni huyo mtumwa mgeni, Mwanzo 16:13. Mimi kila nikifika hapo husimama kidogo, maana wakubwa wote wa kitabu kile walitanguliwa na mwanamke ambaye hakuwa na kitu.

Yehova-Yire ni jina Abrahamu alilopaita mahali alipopata kondoo dume badala ya mwanawe. Yehova-Nisi ni madhabahu ya Musa baada ya vita na Amaleki. Yehova-Shalom ni madhabahu ya Gideoni, kijana aliyekuwa akipura ngano kwa kujificha kwa hofu ya Wamidiani. Kila jina hapo ni ushuhuda wa mtu aliyeokolewa. Mama mkwe wako, aliyelea watoto na kuzika wenzake, je, hana ushuhuda wake? Ulipomkatiza hukusahihisha matamshi. Ulimnyang'anya ushuhuda wake mbele ya wajukuu.

Matamshi yenyewe

Zile herufi nne, Yod, He, Vav, He, zimo zaidi ya mara 6,800 katika Biblia ya Kiebrania. Kiebrania cha kale kiliandikwa bila irabu, na Wayahudi kwa uchaji waliacha kulitamka jina hilo, wakasoma Adonai, yaani Bwana. Karne nyingi baadaye, wataalamu waitwao Wamasora walipotia alama za irabu, waliweka za Adonai kwenye herufi hizo ili kumkumbusha msomaji. Wakristo wa Ulaya walipozisoma pamoja, wakapata Yehova. Yahweh ni makadirio ya wasomi. Ni makadirio mazuri, lakini hakuna awezaye kuapa kwamba ndivyo Musa alivyotamka.

Ndiyo maana Union Version ya 1952 huandika BWANA kwa herufi kubwa. Mwaka 2008 Vatican nayo iliagiza Wakatoliki wasitumie Yahweh katika nyimbo na sala za ibada. Wenye lugha yao wamenyamaza kwa heshima, nasi tuwahukumu wazee wetu kwa jina hilo hilo? Hapana, D. Hapo umepotoshwa.

Yatakayofuata usipojirekebisha

Watoto wako wamejifunza jambo siku ile: kwamba bibi hajui kuomba. Kesho watamdharau kwa mengine, na keshokutwa ni zamu yako. Mumeo yuko katikati ya mama aliyemzaa na mke aliyemwoa, na kimya chake usidhani ni ridhaa.

Kuna jingine ambalo hukuliandika. Fundisho la jina lenye nguvu pekee mara nyingi hufuatiwa na bei: sadaka maalumu kwa kila jina, au Yehova-Rafa, yaani Bwana aponyaye, kutumiwa kumwachisha mgonjwa dawa. Likifika hapo, ondoka. Mfalme Hezekia aliomba akasikiwa, na bado nabii Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu lake.

Fanya hivi

Kikundi usikihame kwa hasira. Mwulize mwalimu kwa adabu juu ya Kutoka 6:3 na ile sehemu ya Kiaramu ya Danieli. Mwalimu wa kweli atakaa afikiri nawe. Akikukaripia, au akikutaka uache kanisa lako, umepata jibu, na daftari lako unaweza kuendelea nalo nyumbani.

Mumeo mweleze kwanza, usiku, bila kujitetea. Kisha umwendee mama mkwe. Kumwomba msamaha chumbani hakutoshi, kwa sababu kosa lilitendeka mezani. Piga goti watoto wakiona, useme ulikosa. Baadaye, mkiwa wawili, mwombe akusimulie ni lini katika maisha yake Mungu alimwona. Andika atakayokuambia katika daftari lile lile la majina.

Usingoje Jumapili, mwanangu. Nenda leo kabla chakula hakijapakuliwa, umwombe yeye ndiye aombe, naye amwite Mungu kama alivyozoea.