Saa 48 za Mkuu wa Wilaya: Amri Yake Inaishia Wapi?

Mkutano wa hadhara unaendelea. Mwananchi anasimama na kuuliza fedha za zahanati zimekwenda wapi. Mkuu wa wilaya anakasirika, anamgeukia OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, na kusema: "Mweke ndani saa 48." Watu wananyamaza. Wengi wanaamini akishatamka saa 48, hukumu imeshapita.

Haijapita. Mkuu wa wilaya si hakimu, na saa 48 si kifungo. Kila mwananchi anapaswa kulijua hilo kabla ya siku ya kulihitaji.

Nani ana kazi gani

Ibara ya 4 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 imegawa mamlaka ya nchi katika mafungu matatu. Serikali inatekeleza, Bunge linatunga sheria na kuisimamia Serikali, Mahakama inatoa haki. Ibara ya 107A inasema Mahakama ndiyo yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki.

Mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, kwa hiyo yuko upande wa utendaji. Hana mamlaka ya kumtia mtu hatiani wala kumwadhibu. Ibara ya 13(6)(b) inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa. Mgawanyo huu umewekwa ili mtu yuleyule asikushtaki, akakuhukumu, kisha akakufunga.

Saa 48 zimetoka wapi

Zimetoka katika Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, inayotumika Tanzania Bara. Kifungu cha 7 kinamhusu mkuu wa mkoa, cha 15 mkuu wa wilaya. Wanaweza kuamuru mtu akamatwe katika mazingira mawili: ametenda kosa la jinai mbele yao au wanajua amelitenda, au kuna sababu ya kuamini kwamba atavunja amani, na hakuna njia nyingine ya kuzuia hilo ila kumshikilia.

Kuuliza swali si kosa la jinai. Kuchelewa kikao si kosa la jinai. Kutofautiana na kiongozi kwa maneno ya staha hakuvunji amani, na uhuru wa maoni unalindwa na ibara ya 18.

Hata pale sababu inapokuwepo, sheria imeweka mipaka. Anayeamuru mtu ashikiliwe kwa kuhofia uvunjifu wa amani lazima aandike sababu zake, na nakala imfikie hakimu. Aliyekamatwa lazima afikishwe kwa hakimu ndani ya saa 48. Asipofikishwa, aachiwe, na asikamatwe tena kwa sababu ileile. Kwa hiyo saa 48 ni muda wa mwisho aliopewa mtendaji kukukabidhi kwa Mahakama. Anayekushikilia muda wote huo kisha akakuachia bila kukufikisha popote, ili "ujifunze adabu", amegeuza kizuizi kuwa adhabu. Sheria hiyohiyo inayahesabu matumizi mabaya ya mamlaka haya kuwa kosa.

Ukikamatwa, fanya haya

1. Usishindane na polisi kwa nguvu, maana hilo litazaa kosa jipya. Uliza kwa utulivu: nakamatwa kwa kosa gani, na kwa amri ya nani?
2. Omba kuwasiliana na ndugu au wakili. Ndugu waandike saa uliyokamatwa, jina la kituo, aliyetoa amri na majina ya mashahidi.
3. Ukielezwa kosa lenye dhamana, omba dhamana ya polisi. Hailipiwi hata shilingi.
4. Saa 48 zikipita bila kufikishwa kwa hakimu, ndugu au wakili aende Mahakama Kuu kuomba amri ya kukufikisha mbele yake, ili ipime kama unashikiliwa kihalali.
5. Ukishatoka, unaweza kupeleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Huna fedha za wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Waulizie katika ofisi ya halmashauri yako.

Haki yako ikivunjwa, ibara ya 30(3) inakuruhusu kufungua shauri Mahakama Kuu. Marekebisho ya mwaka 2020 yalimtaka anayefungua shauri aonyeshe jinsi alivyoathirika yeye mwenyewe. Katika shauri kama hilo, kumbukumbu za saa, kituo na mashahidi zina thamani kubwa.

Mahakama haimalizi kila kitu

Mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, vinakiuka Katiba. Serikali ilipewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Hata hivyo ule mwaka mmoja uliisha Bunge halijapitisha marekebisho. Mahakama Kuu inaweza kusema sheria ni batili. Kuiandika upya ni kazi ya Bunge.

Vivyo hivyo, vifungu vya 7 na 15 vilitungwa na Bunge, na Bunge ndilo linaloweza kuvifuta au kuvibana. Mbunge wako anaweza kumuuliza Waziri wa TAMISEMI, anayesimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, ni watu wangapi wilayani kwenu waliwekwa ndani kwa amri ya mkuu wa wilaya, na wangapi kati yao walifikishwa kwa hakimu. Mwombe aulize. Na muswada wa marekebisho ukifika kwenye kamati, peleka maoni yako kwa maandishi. Katiba imegawa madaraka kwa faida yako. Usimwachie mtendaji mmoja ayakusanye yote mkononi mwake kwa sababu tu hakuna aliyemuuliza.