Somo la Bustani: Mboga Usiyoijua, Jirani Yako Anaijua



Tukisema mboga hapa Mbotela, wengi wetu hufikiria sukuma wiki, kabeji na spinachi. Hizo ni nzuri, na hakuna anayezikataza. Lakini ziko nyingine zinazoota kwa urahisi hata nyuma ya nyumba: managu, saga, terere, mrenda, mito na nderema. Kwa familia moja mboga hizi ni chakula cha tangu utotoni. Kwa familia ya mlango wa pili ni majani tu, tena ya kung'olewa na kutupwa. Mtoto aliyezaliwa huku Eastlands anaweza kumaliza shule bila kujua kutofautisha mrenda na magugu.

Katika somo hili tutajifunza kupanda mboga tusizozizoea. Na kuna sheria moja ambayo tunaomba kila nyumba iishike: mmea mgeni usiingie kwa sufuria mpaka mtu aliyekua akiula auangalie kwa macho yake na kusema, "Ndio, ni wenyewe." Mtu huyo si lazima umtafute mbali. Mtaa wetu una watu wa kutoka kila pembe ya Kenya.

1. MMEA MMOJA, MAJINA MENGI

Watu wengi hukosa mboga hizi kwa sababu ya jina tu. Managu ya Wakikuyu ndiyo osuga ya Wajaluo, rinagu ya Wakisii na lisutsa ya Waluhya. Kwa Kiswahili cha pwani ni mnavu. Saga ni akeyo kwa Wajaluo, chinsaga kwa Wakisii, saget kwa Wakalenjin, na mgagani kwa Kiswahili. Mrenda ni apoth kwa Wajaluo na murere kwa baadhi ya Waluhya. Terere ndiyo mchicha, na Wajaluo huiita ododo.

Kwa hivyo ukiambiwa jina usilolijua, usiseme haraka, "Sisi hatuli hiyo." Omba uonyeshwe jani. Pengine nyanya yako alikuwa akiipika.

2. KWA NINI TUJISUMBUE?

Kwanza ni afya. Majani haya ya kijani kibichi yana vitamini A, madini ya chuma na kalisi kwa wingi kushinda kabeji. Mama mjamzito na mtoto mdogo wanahitaji sana vitu hivi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia amefanya utafiti wa mboga hizi kwa miaka mingi, na ni mmoja wa waliozirudishia heshima.

Pili ni pesa. Siku hizi mboga za kienyeji si za bure. Kwa mama mboga fungu la managu au saga mara nyingi linashinda sukuma kwa bei, na likipikwa linanywea, linakuwa kidogo. Ukiwa na gunia moja au mawili mlangoni, mwisho wa mwezi hutalala njaa kwa kukosa kitoweo cha ugali.

Tatu ni elimu yenyewe. Mwaka 1999 Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yalitoa kitabu kikubwa kuhusu mimea ya chakula cha asili cha nchi hii. Mwaka 2007 kukaanza kazi ya kukusanya maarifa ya vyakula hivyo pamoja na wazee na watoto wa shule, kwa sababu ilionekana yanapotea. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiingiza kazi hiyo katika orodha yake ya mifano bora ya kulinda urithi. Hata hapa mtaani hasara ni hiyo hiyo. Mzee akistaafu na kurudi nyumbani mashambani, anaondoka na majina, mbegu na njia ya kupika.

3. GUNIA LA MBOGA

Usiseme, "Mimi sina shamba." Tafuta gunia la kilo 90 na mahali panapopata jua angalau nusu siku. Kama mahali hapo ni pa watu wote, uliza kwanza. Kilimo cha mjini si siri tena. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kukikuza na kukisimamia mwaka 2015. Lakini njia ya kupita ya jirani haizibwi kwa gunia lako.

a) Changanya karai mbili za udongo na karai moja ya mbolea ya ng'ombe au ya kuku iliyooza kabisa. Mbolea mbichi huchoma miche.

b) Chukua mkebe wa kasuku wa kilo mbili, ukate chini na juu. Uweke katikati ya gunia na uujaze kokoto. Jaza udongo kuzunguka mkebe, kisha uvute mkebe juu na kurudia mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo itakayopeleka maji hadi chini.

c) Toboa matundu ubavuni, upana wa kiganja kati ya tundu na tundu. Panda miche hapo, na mingine juu.

d) Mwagilia asubuhi au jioni kwa kumimina maji juu ya kokoto. Maji yaliyooshea mboga au mchele yanafaa. Yenye dawa ya kutoa madoa hayafai.

4. KILA MMEA NA TABIA YAKE

Managu: Huhamishwa vizuri, kwa hivyo inafaa matundu ya ubavuni. Yenye majani madogo ni chungu zaidi. Yenye majani mapana ni laini. Chuma vichwa, nayo itatoa matawi.

Saga: Haipendi kuhamishwa. Sia mbegu juu ya gunia papo hapo. Mbegu iliyovunwa juzi huwa imelala. Iweke miezi kadhaa kwanza. Inapenda joto, kwa hivyo usishangae ikidumaa kwa baridi ya Julai. Kata maua yanapotokea ili majani yaendelee.

Terere: Ndiyo ya haraka. Baada ya wiki tatu au nne unaanza kula.

Mrenda: Mbegu yake ina ganda gumu. Ifunge kwa kitambaa, ichovye kwenye maji ya moto sana kwa sekunde kama kumi, kisha uipoze na kuisia.

Mito: Huanza polepole, uwe na subira. Ni ya jamii ya kunde, na mizizi yake hurudishia udongo nguvu. Ipande kwenye gunia lililochoka.

Nderema: Huhitaji mbegu. Omba kipande cha shina, urefu wa kiganja, ukizike nusu. Hutambaa ukutani kwa kamba, huvumilia kivuli, na hukaa muda mrefu ikipata maji.

5. HATARI ZA KUJIHADHARI NAZO

Sehemu hii tafadhali uisome polepole, na umsomee asiyejua kusoma.

MNANAHA. Wengine huuita datura. Huota penyewe kwenye majalala na kando ya barabara, na ukiwa mchanga unaweza kuchanganyika na terere au managu. Ukikomaa una maua marefu kama tarumbeta na matunda yenye miiba. Majani yake yakisuguliwa yana harufu mbaya. Ni sumu: mtu hukauka mdomo, macho hupanuka, huongea ovyo, na anaweza kufa. Ukiona dalili hizo baada ya mlo, kimbilia hospitali na ubebe mabaki ya mboga hiyo. Ndiyo maana hatuchumi mboga kwa haraka au gizani.

MATUNDA MABICHI YA MANAGU. Yana sumu yakiwa ya kijani. Watoto wafunzwe kutoyachezea mdomoni.

KOMFRI, au ile wengi huiita mabaki. Mmea huu wa majani mapana yenye manyoya ulisambazwa sana kama mboga na kama dawa, na bado uko nyumba nyingi. Tunajua wako wanaoupenda. Lakini una kemikali zinazodhuru ini polepole, bila mtu kuhisi kitu mwanzoni. Mwaka 2001 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa iliwataka watengenezaji waache kuutia katika dawa za lishe za kumeza. Ushauri wetu ni huu: usiule, na usimpe mtoto. Huna haja ya kuung'oa. Katakata majani, uyaloweke kwenye ndoo yenye kifuniko kwa wiki tatu, kisha uchanganye maji hayo na maji safi. Ni mbolea nzuri ya gunia lako.

MAJI NA UDONGO MCHAFU. Hapa managu halisi kabisa inaweza kukudhuru. Kando ya mto Nairobi na mto Ngong wako wanaomwagilia mboga kwa maji yenye kinyesi na uchafu wa viwanda. Kupika huua viini vya magonjwa, lakini hakuondoi madini ya sumu kama risasi. Kwa hivyo usichote udongo kwenye gereji, mahali pa kuvunjia betri, jalalani au ukingoni mwa barabara kuu. Na ukinunua sokoni, usione haya kumwuliza mama mboga, "Hii imetoka wapi?"

6. KUPIKA

Mtu akionja saga mara moja na kusema ni chungu, mara nyingi kosa ni la mpishi. Wajaluo na Waluhya huchemsha, kisha huweka maziwa na kuilaza usiku mmoja au zaidi, wakiipasha moto kila siku. Uchungu hupungua. Wengine huichanganya na terere au majani ya kunde. Mrenda huenda vizuri na mito au kunde.

Magadi hulainisha haraka, lakini huharibu baadhi ya vitamini. Tia kidogo sana, au uache. Malizia kwa nyanya au limau, kwani uchachu husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai nayo isinywewe pamoja na chakula, maana huyazuia. Subiri kama saa moja.

7. MBEGU NI YA KUPEANA

Acha mimea miwili iliyo bora ikomae. Matunda ya managu yaliyoiva yakamue, uoshe mbegu mpaka maji yawe safi, kisha uanike kivulini. Weka kwenye karatasi kavu, uandike jina na tarehe. Andika majina yote unayoyajua, si la lugha yako peke yake.

Unapomgawia jirani mbegu, mgawie na maneno: inapandwaje, inachumwa lini, inapikwaje, ni mmea gani unafanana nayo lakini hauliwi. Mbegu bila maneno hayo ni nusu ya zawadi, na inaweza kuwa hatari.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Kila mmoja alete jani moja la mboga ya kwao. Wangapi wanalijua? Lina majina mangapi kati yetu?

2. Ni nani katika ploti au mtaa wetu anayejua mimea vizuri? Tutamwomba lini atufundishe pamoja na watoto?

3. Udongo na maji ya bustani zetu yanatoka wapi?

4. Ni nyumba ngapi kati yetu bado zinakula komfri? Tutawaelezaje bila kuwaaibisha?

Kabla ya mvua ijayo, kila kikundi kijaribu gunia moja lenye mboga mbili ambazo wengi wao hawajawahi kuzionja. Mpishi wa siku ya kwanza awe yule aliyekua akizila.