Pua Imezibwa, Fungua Mdomo

Nilizinduka kwenye nusu kaputi nikiamini nakata roho. Koo lilikuwa kavu na likiwasha, mate yenye ladha ya damu yakiteremka, na kila nilipovuta pumzi kwa pua, kama nilivyozoea tangu kuzaliwa, haikupita hewa hata chembe. Nikaanza kuivua barakoa ya oksijeni. Muuguzi akanishika mkono: "Baba, pua imezibwa. Fungua mdomo. Usivute, toa pumzi kwanza."

Nikatoa. Ajabu, ya pili ikaingia yenyewe. Mtu aliyeshikwa na hofu huvuta juu ya pumzi ambayo bado hajaitoa, kifua kikajaa, naye akazidi kuona hewa haimtoshi. Kioo kando ya kitanda kilikuwa kikisoma oksijeni asilimia 98 muda wote huo niliokuwa nikijiaga.

Nilikuwa nimenyooshwa ukuta wa kati wa pua, ule wa gegedu na mfupa, uliopinda miaka mingi. Baada ya upasuaji huo baadhi ya madaktari hujaza shashi puani ili kuzuia damu. Nilielezwa habari za gegedu hadi nikachoka. Kwamba nitaamka bila pua, hakuna aliyenigusia. Labda iliandikwa kwenye ile fomu niliyoisaini bila kuisoma.

Kwa hiyo, kama tarehe yako imepangwa, muulize daktari mapema: nitaamka na shashi? Akisema ndiyo, anza mazoezi. Bana pua kwa vidole ukiangalia taarifa ya habari, dakika kumi, upumue kwa mdomo polepole. Kisha, ukiwa bado umeibana, meza funda la maji. Utasikia masikio yakiziba na kuvutwa kwa namna ya kuudhi. Mimi hilo lilinitisha kuliko maumivu, kumbe ni presha tu ya kumeza inayokosa pa kutokea.

Daktari wa usingizi usimfiche kitu. Kama unakoroma, au mwenzio hukuambia pumzi yako hukatika usiku, sema, maana dawa za maumivu za jamii ya mofini hupunguza kasi ya kupumua na wewe utahitaji kuangaliwa zaidi. Taja pia pumu, sigara na mafua ya wiki hii, hata kama unaogopa kuahirishwa. Na ukiambiwa usile, usile, hata kipande cha andazi: chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni ukiwa umelala.

Ukishaamka, omba kichwa kiinuliwe. Damu inayoteremka kooni iteme, ukiimeza inaweza kukutapisha. Lakini usijifanye shujaa kwa sababu mimi nimesema ilikuwa hofu. Damu au mate yakiligusa koo wakati dawa ya usingizi inaisha, koo linaweza kujikaza na kufunga njia ya hewa kweli, na ndiyo maana hawakurudishi wodini haraka. Ukiona pumzi haiji, inua mkono. Kuamua kama ni hofu au ni hatari ni kazi yao.

Nyumbani nililala nimeegemea mito mitatu, chupa ya maji kando, midomo nimeipaka mafuta. Usiku wa kwanza sikulala, nilisinzia tu. Kupenga kamasi ni marufuku, na chafya ipige mdomo wazi. Vidonge vya usingizi na pombe usiviguse. Damu ikitoka bila kukoma, midomo ikibadilika rangi, pumzi ikitoa mlio, au mgonjwa akiwa mzito kuamshwa, msingoje kuche. Nendeni hospitali usiku huohuo.

Shashi zangu zilitolewa siku ya pili. Inauma, ila ni sekunde chache.

Wewe unayesubiri zamu yako, chukua kikombe cha maji sasa hivi, bana pua, umeze.