Somo la Ufundi: Pedali Ngumu ya Klachi Katika Gari la Spoti Lililotumika

Wakazi wengi wanaoweka akiba ya kununua gari la spoti huishia kulitazama Subaru Impreza WRX. Mapenzi hayo hayakuanza jana. Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 akiendesha Impreza, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, Impreza ya enzi hizo inayouzwa leo imekaa nchini miaka mingi na huenda imepita mikono mingi.

Mnunuzi akikanyaga klachi na kuikuta ngumu, muuzaji hujibu kwamba ndivyo magari yenye nguvu yalivyo. Jibu hilo lina ukweli kiasi, maana injini yenye nguvu huhitaji springi kali ya kubana klachi. Hata hivyo, klachi iliyo nzima haimchoshi dereva goti baada ya foleni ya dakika 10.

Kinachofanya jambo hili liwe zito ni gharama. Chanzo kikiwa kwenye pedali au mpira wa mafuta, kazi ni ya saa chache. Kikiwa ndani ya klachi yenyewe, lazima giaboksi itenganishwe na injini, na vipuri vinunuliwe. Anayelipia gari kabla ya kujua tofauti hiyo hubeba deni la muuzaji. Naye mwenye gari anayekubali giaboksi ifunguliwe bila uchunguzi anaweza kulipia kazi isiyohitajika.

Katika Impreza hilo, pedali husukuma silinda ya juu, ambayo mafundi huiita masta. Mafuta ya breki hupita kwenye bomba na mpira hadi silinda ya chini, iliyo juu ya giaboksi. Silinda hiyo husukuma uma, uma husogeza beringi, na beringi husogeza vidole vya springi ya presha pleti ili klachi pleti iachiliwe. Ugumu unaweza kuzaliwa popote katika mlolongo huo, kwa hiyo uchunguzi huanza juu, penye kazi rahisi, na kushuka.

Kwanza zulia. Zulia la ziada lililojikunja chini ya pedali limewahi kulaumiwa kama giaboksi mbovu. Kisha fundi hutoa pini inayounganisha pedali na masta, akaisogeza pedali kwa mkono. Ikikwama au kulia, kuna kutu au bushi iliyokauka, na tiba ni kusafisha na kupaka grisi.

Jaribio la pili halihitaji spana. Pedali hukanyagwa polepole, kisha kwa haraka. Ikiwa laini inapokanyagwa polepole lakini ngumu inapokanyagwa ghafla, tena ikawa inarudi kwa uvivu, mafuta hayapiti vizuri. Huenda mpira umevimba kwa ndani hata kama nje unaonekana mzima. Mafuta ya kwenye chupa yake yakaguliwe pia: kuna watu hujazia mafuta ya injini au ya giaboksi, na hayo huvimbisha raba za silinda. Hapo kubadilisha mafuta peke yake hakutoshi.

Ili kuthibitisha, fundi hulegeza bolti mbili za silinda ya chini na kuitoa bila kufungua bomba, kisha husukuma fimbo yake ndani kwa mkono, taratibu. Ikiingia bila kukwama, njia ya mafuta iko sawa. Wakati silinda iko nje, mtu yeyote asiguse pedali, kwa sababu pistoni itaruka nje na mafuta yatamwagika. Mafuta ya breki huharibu rangi ya gari.

Mafuta yakipita vizuri na pedali ikawa huru, ugumu uko ndani. Pedali inayokwaruza au kutoa mlio inapokanyagwa huashiria uma uliokauka kwenye egemeo lake, au beringi inayokwama kwenye njia yake. Pedali iliyo ngumu bila mikwaruzo yoyote ndiyo hupotosha wengi. Wengi hudhani klachi iliyolika huwa laini. Kwa kawaida huwa kinyume: klachi pleti ikilika, vidole vya springi hubadili pembe, na nguvu ya kuvisogeza huongezeka. Ugumu unaokua mwezi baada ya mwezi ni dalili ya klachi inayoelekea mwisho.

Hilo hupimwa barabarani, penye mwinuko kidogo na pasipo magari mengi. Gari likiwa gia ya 4 katika mwendo wa wastani, dereva hukanyaga mafuta hadi chini. Mshale wa mizunguko ya injini ukipanda huku mwendo ukibaki palepale, klachi inateleza.

Isipoteleza, muuzaji aulizwe kama mmiliki wa awali aliweka presha pleti ya mashindano. Hiyo ni ngumu kwa asili yake, na mnunuzi ndiye ataamua kama goti lake linaiweza. Ikiteleza, bei ya klachi pleti, presha pleti, beringi na kazi ya fundi iondolewe kwenye bei ya gari, na makubaliano hayo yaandikwe kabla ya fedha kutolewa.